Mvua haijanyesha, hema limelowa ndani: haya maji ya alfajiri ufukweni yanatoka wapi?

#1 Msafiri_Tanga (mleta mada)
Wakuu, habari za muda huu. Naenda moja kwa moja kwenye swali.

Njia ni ya pwani: Tanga mjini, Kigombe, Pangani, kivuko hadi Bweni, Ushongo, halafu kusini Mkwaja mpaka Saadani. Hema ni la watu wawili, lina matabaka mawili. La ndani ni kitambaa na wavu wa mbu, la nje ni nailoni iliyopakwa dawa ya kuzuia maji. Linapigwa kwenye mchanga mkavu, hatua kama thelathini juu ya mstari wa maji.

Saa mbili usiku ndani ni pakavu kabisa. Kuanzia saa tisa usiku dari linatona, chini ya godoro pamelowa, na nguo zilizowekwa upande wa kichwani ni kama zimetoka kufuliwa. Mvua hakuna. Usiku unaofuata, mahali palepale, hakuna hata tone. Hema hilohilo likipigwa Lushoto, kule milimani, linalowa nje tu, tena kidogo.

Maji haya yanatoka wapi, na yanazuiwaje?

#2 FundiTurubai
Ni pumzi zenu, mkuu. Mtu mzima akilala anatoa kwa pumzi na ngozi kati ya robo lita na nusu lita ya maji kwa usiku mmoja. Mkiwa wawili mnakaribia lita nzima, na hema likifungwa zipu zote kwa kuogopa mbu, hiyo lita haina pa kwenda. Inagonga nailoni iliyopoa, inageuka matone.

Fanya hivi. Tabaka la nje liwe mbali na la ndani kwa upana wa vidole vinne, pande zote. Upande upepo unakotoka, pandisha ukingo wa chini wa tabaka la nje kama sentimita 20. Upande wa pili fungua tundu la juu. Hewa iingie chini, itokee juu. Wavu wa mbu ubaki umefungwa, huo hauzuii hewa kiasi cha kudhuru. Na kaptula za kuogelea zisianikwe ndani. Kaptula moja iliyokamuliwa kwa mkono bado ina maji ya glasi nzima.

#3 Kaskazi_78
FundiTurubai, hizo pumzi Lushoto hazipo? Mleta mada kasema hema ni lilelile na watu ni walewale. Kilichobadilika ni chumvi.

Chumvi ya kawaida huanza kunyonya maji kutoka hewani unyevu ukifika asilimia 75. Chumvi ya bahari ni mbaya zaidi kwa sababu ina magnesi ndani yake, na hiyo hunyonya hata hewa ikiwa kavu zaidi. Ndiyo maana kichupa cha chumvi mezani Tanga au Unguja hutiwa punje za mchele. Sasa piga hema siku tatu kwenye upepo wa bahari, pitisha ulimi kwenye nailoni: chumvi tupu. Usiku unyevu wa pwani unapita hiyo 75 bila shida, na hema zima linageuka sifongo. Nguo zilizolowa maji ya bahari zikakauka juani nazo vilevile, mchana kavu, usiku majimaji.

Dawa yake ni maji baridi ya kisima, yaani yasiyo na chumvi. Loweka kitambaa, kamua, futa tabaka la nje ndani na nje kila jioni kabla jua halijazama ili lipate kukauka. Nusu lita inatosha hema la watu wawili.

#4 Mvuvi_wa_Kigombe
Wote mmetazama juu. Tazameni chini.

Mleta mada anasema maji huanza saa tisa usiku. Siku za bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, kwa ukanda huu, Tanga, Unguja, Dar, maji hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja, alfajiri na jioni. Saa tisa bahari imeshapanda sana, na maji yaliyo ndani ya mchanga yanapanda nayo. Mchanga umelala na joto la mchana, juu kumepoa, mvuke unapanda moja kwa moja kwenye sakafu ya hema. Siku za maji mafu bahari haiji karibu, ndiyo ule usiku mnaoamka wakavu.

Chimba shimo la mkono mmoja pembeni ya hema saa mbili usiku, ulione saa kumi.

#5 FundiTurubai
Mkuu #4, hoja ina uzito, na ina kipimo rahisi. Tandika karatasi nzito ya nailoni chini ya hema, si ndani. Asubuhi igeuze. Maji yakiwa upande unaotazama mchanga, mvuke umetoka ardhini. Yakiwa upande wa juu, yametoka hemani.

Angalizo: hiyo karatasi iwe ndogo kuliko sakafu ya hema, ingizwe ndani kwa upana wa kiganja kila upande. Ikichungulia nje inakusanya umande unaoteremka kwenye kuta na kuupeleka chini yenu. Nusu ya malalamiko ya sakafu kulowa chanzo chake ni hapo.

#6 BintiMakunduchi
Assalam alaykum. Nasahihisha kidogo kwa ndugu yangu mvuvi. Hizo saa kumi ni sawa, lakini watu wasidhani bamvua kubwa ni usiku uleule wa mwezi kuwa mpevu. Huja siku moja au mbili baadaye. Kwa tarehe za Kiislamu, tazameni mwezi 1 hadi 3, na 15 hadi 17. Maji mafu ni karibu na mwezi 8 na mwezi 23, na siku hizo maji hujaa mnamo saa nne, asubuhi na usiku.

Na "hatua thelathini juu ya mstari wa maji" ni mstari upi? Ufukweni kuna mistari miwili. Mmoja ni wa mwani mbichi, huo wa jana. Wa pili uko juu zaidi: mwani umekauka mweusi, vipande vya makumbi, vijiti, ndala iliyokatika. Huo ndio wa bamvua. Ukipiga hema siku za maji mafu ukaufuata mstari mbichi, baada ya wiki moja bahari inakuja kukuamsha. Tofauti ya kujaa kwa maji mafu na kujaa kwa bamvua ni zaidi ya mita moja kwenda juu. Pwani yenye mteremko wa mita moja kwa kila mita ishirini, hizo ni hatua zaidi ya ishirini za kuingia ndani.

Alama nzuri kuliko zote ni yale majani mazito yanayotambaa mchangani yenye ua la zambarau. Yanapoota yakastawi, maji hayafiki mara kwa mara. Hema liwe nyuma yake.

#7 Kaskazi_78
Ahsante Binti. Naongeza: Machi na Septemba bamvua huwa kubwa kuliko miezi mingine. Hapo hata mstari wa pili usiuamini, nenda mita kadhaa nyuma yake.

#8 Mkilifi
Sisi wa Kilifi tunaita tenti, ila tatizo ni lile lile. Pumzi, chumvi, mchanga, yote yapo kila usiku. Mbona usiku mmoja tenti inalowa na mwingine hailowi? Angalieni mbingu.

Usiku usio na mawingu, kitambaa cha nje kinatupa joto lake juu na kinapoa kuliko hewa inayokizunguka. Hewa ya pwani ya nyuzi 26 yenye unyevu wa asilimia 80 inahitaji kupozwa nyuzi 4 tu ianze kutoa maji. Nailoni nyembamba inazifikia bila taabu. Mawingu yakitanda, joto linarudishwa chini, kitambaa hakipoi, hamna tone.

Na kuhusu Lushoto, hewa ya joto hubeba maji mengi. Ya nyuzi 26 iliyoshiba ina kama gramu 24 za maji katika mita moja ya ujazo. Ya nyuzi 15 haifiki 13. Ikipoa kwa kiasi kilekile, ya pwani inamwaga maji mengi zaidi.

Suluhu ni kupiga tenti chini ya mti. Majani yanasimama badala ya mawingu.

#9 Zuwena_K
Mti upi sasa? Pwani yote minazi.

#10 Mkilifi
Mnazi hapana, dada. Nazi mbivu na kumbi lake inafika kilo moja na nusu na zaidi, na inaanguka kutoka mita kumi na tano au ishirini. Hata kuti kavu linachana kitambaa. Tafuta mvinje au mkungu. Mvinje unamwaga vijiti laini, vinafanya godoro zuri, ila fagia kwanza vile vitunda vyake, vina miba midogo inayotoboa sakafu. Mkungu una kivuli kizuri zaidi, lakini ukiwa na matunda popo watakuja usiku kula na kudondosha mabaki. Kagua matawi makavu juu kabla ya kupigilia chochote.

#11 Mvuvi_wa_Kigombe
Mkilifi umenipa hoja bila kujua. Mleta mada akiangalia mbingu nyeupe na mwezi umekamilika, hiyo ndiyo bamvua. Mwezi mpevu na maji makubwa ni ndugu.

#12 Mkilifi
Ni ndugu, ila bamvua ya mwezi mwandamo huwa na giza, na mbingu inaweza kuwa safi vilevile. Tenti inalowa siku hiyo pia. Kama mbingu ina mawingu siku ya bamvua, tuambiwe kama sakafu inalowa. Hapo ndipo tutajua.

#13 Msafiri_Tanga (mleta mada)
Shukrani wote. Majibu kwa maswali: mstari uliofuatwa ni ule mbichi, nimeelewa kosa. Usiku wenye maji mengi mbingu ilikuwa safi na upepo umekufa kabisa. Matone ya darini yako upande wa ndani wa tabaka la nje, yanadondokea la ndani. Maji ya sakafuni yako chini ya godoro tu, pembeni ni pakavu.

#14 FundiTurubai
"Chini ya godoro tu" imemaliza kesi ya sakafu. Mvuke wa mwili unashuka kupitia sponji, unakuta sakafu baridi, unaganda matone. Ingekuwa mchanga, na pembeni pangelowa. Weka mkeka wa ukili kati ya godoro na sakafu, hewa ipite.

#15 Mvuvi_wa_Kigombe
Haijaisha, fundi. Pembeni maji yanakauka kwa sababu yako wazi, chini ya godoro yamefunikwa. Sahani ikiwekwa juu ya mchanga mchana wa jua, uvunguni mwake utakuta maji na pembeni pakavu.

#16 Jahazi_la_Kusini
Nimesoma yote. Hakuna aliyeuliza kamba.

Nailoni ikilowa inanyooka. Kamba zilizokazwa saa kumi na mbili jioni, saa nane usiku zimelegea, tabaka la nje limebonyea na kugusa la ndani. Pakigusana maji yanapita hata kama dawa ya kitambaa ni mpya. Halafu mtu anasema pumzi! Mleta mada, nguo zilizolowa ziko upande wa kichwani. Nenda kaguse hapo usiku, utakuta matabaka mawili yamegandana.

Kamba ya katani nayo ina tabia ya kinyume. Ikilowa inafupika na kukaza, inang'oa vigingi au kupasua pete za hema. Ukitumia katani, iache imelegea kidogo jioni. Inayofaa pwani ni usumba, kamba ya makumbi ya nazi. Maji ya chumvi haiyajali, na ndiyo iliyofunga vyombo vya baharini karne na karne. Ubaya wake ni nzito na inakwaruza mikono.

#17 Zuwena_K
Hapo kwenye vigingi ndipo penye shida kubwa. Mchanga hausimamishi kitu. Vile vya chuma vinavyokuja na hema vina sentimita 18, upepo wa kusi ukivuma vinatoka kama sindano kwenye sponji.

#18 Jahazi_la_Kusini
Vya chuma viache kabisa, Zuwena. Kuna njia mbili.

Ya kwanza ni salfeti. Chukua mfuko wa salfeti wa kilo 25 uliokwisha, ukate nusu, jaza mchanga kilo 5 hadi 7, funga mdomo. Kamba ifungwe katikati ya mfuko, si mdomoni. Chimba shimo la nusu mita. Sasa jambo ambalo wengi wanaliruka: kutoka shimoni kuelekea hema, chora mfereji mwembamba ambamo kamba italala kwa mshazari. Bila mfereji kamba inapanda wima, na mvuto wa wima ndio unaong'oa. Fukia kwa mchanga uliolowa, kanyaga kwa kisigino tabaka kwa tabaka. Mchanga mkavu hauna mshiko, mwaga ndoo moja ya maji ya bahari juu yake.

Ya pili ni kijiti cha sentimita 30 hadi 40, kinene kama dole gumba, kizikwe kikiwa kimelala, kamba katikati, shimo na mfereji vilevile. Tumia mwanzi mkavu au tawi lililoanguka. Mikoko isikatwe, inahitaji kibali na ndiyo inayoshika hiyo pwani unayolala.

Hema la watu wawili: nanga sita. Nne za pembeni, mbili za mbele na nyuma. Wakati wa kusi upepo unatoka kusini-mashariki, anza na upande huo kabla hata hujasimamisha nguzo. Kaskazi, Desemba hadi Machi, anza kaskazini-mashariki.

#19 BintiMakunduchi
Maelezo mazuri mno, Jahazi. Nyongeza: usiku kabla ya kulala zungukeni kamba zote mara moja, kwa sababu ukaguzi wa jioni peke yake hautoshi, kama ulivyoeleza mwenyewe.

Na upepo wa usiku siyo ule wa mchana. Mchana unatoka baharini, alfajiri unatoka bara. Wenye vyombo huuita umande, jina moja na maji ya majani. Wazee hawakutofautisha kwa sababu vyote viwili hufika pamoja. Umande ukianza kuvuma, ule ubaridi wa bara unashuka juu ya hema lenye joto la bahari ndani yake. Kwangu mimi hiyo ndiyo saa tisa ya mleta mada. Mlango ulioelekezwa baharini mchana kwa ajili ya upepo, usiku unakuwa mgongo. Ndiyo maana tundu la upande wa bara nalo lifunguliwe.

#20 Mkilifi
Sijawahi kusikia ikielezwa hivyo, na inaingia akilini. Lakini upepo ukivuma si unakausha? Mleta mada kasema #13 upepo ulikufa kabisa.

#21 BintiMakunduchi
Upepo hufa kati ya ule wa bahari na ule wa bara. Muda huo wa utulivu ndio mbaya. Aseme saa.

#22 Mtu_wa_Mtwara
Lambeni tone. Tone la darini likiwa na chumvi, limetoka baharini. Likiwa tamu, ni pumzi au umande. Mjadala uishe.

#23 Kaskazi_78
Hautaisha, ndugu yangu. Tone tamu likidondoka kwenye nailoni iliyokwisha kupata chumvi linaiyeyusha chumvi hiyo na kuwa la chumvi. Kipimo chako kinafaa kwenye hema lililofuliwa kwa maji baridi jioni ileile tu.

#24 Mtu_wa_Mtwara
Basi lifuliwe kwanza, halafu lilambwe 😀

#25 Zuwena_K
Mnazungumza kufungua matundu kama vile hakuna usubi. Karibu na mikoko, magharibi na alfajiri, wavu wa kawaida wa mbu hauwazuii. Wanapenya.

#26 Mvuvi_wa_Kigombe
Kweli, dada. Usubi hawawezi upepo. Ukivuma hata wa kutikisa majani tu wanatua. Kwa hiyo hema likae mbali na mikoko na kwenye ncha ya ufuko inayopata upepo, siyo kwenye kihori tulivu cha ndani. Paka mafuta ya nazi miguuni na mikononi, mazito, yang'ae. Mdudu mdogo vile ananasa kwenye mafuta. Moshi wa makumbi unasaidia kwa muda, ila usiwashe ndani ya hema wala mlangoni pake. Nailoni inashika moto haraka, na hewa ya mkaa inaua mtu usingizini bila harufu.

#27 Chilumba_B
Swali la pembeni. Kupika ufukweni kwa mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6 wenye jiko juu yake: moto unapeperuka, wali nusu saa haujaiva. Ukizungushia mabati vipi?

#28 FundiTurubai
Usiuzungushie mtungi mzima. Joto linarudi kwenye mtungi na gesi ndani inatanuka, ni hatari. Kinga isimame upande mmoja tu, ule wa upepo, mbali na mtungi kwa shibiri moja. Bora zaidi, chimba mchanga na uzike mtungi hadi robo yake, kaa chini, kinga iwe ubao au sinia kubwa. Sufuria iwe na kifuniko kizito.

Kichwa cha jiko kisafishwe kila baada ya siku mbili. Vile vitundu huziba kwa chumvi na mchanga, moto unakuwa wa njano na kupaka sufuria masizi. Mswaki mkavu, kisha pini kwa kila tundu, kisha futa kwa kitambaa chenye maji baridi.

#29 BintiMakunduchi
Na chumvi ya wali haina haja ya kununuliwa. Kikombe kimoja cha maji ya bahari safi kwa vikombe vitano vya maji baridi. Lita ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi, ukizidisha kikombe wali hauliki. Yachotwe maji yakiwa yanajaa, mbali na mto na mitaro, yachujwe kwa kitambaa, yachemke. Mihogo ya kuchemsha inastahimili zaidi, kimoja kwa viwili.

#30 Chilumba_B
Ahsante. Na maji ya kunywa? Kuna vijiji visima viko hatua chache tu kutoka baharini na maji ni matamu.

#31 Kaskazi_78
Maji ya mvua ni mepesi kuliko ya bahari, kwa hiyo yanaelea juu yake ndani ya mchanga. Kisima kifupi kinachota yale ya juu. Ukikichota kwa pupa, au bamvua ikipanda, yanapanda ya chini na kisima kinakuwa cha chumvichumvi. Chota asubuhi kabla ya wengine, ndoo chache, taratibu. Kuchemsha kunaua vijidudu, chumvi inabaki palepale na kuongezeka.

Hesabu ya kubeba: mtu mmoja lita 6 hadi 8 kwa siku, kunywa na kupika na kuosha uso. Dumu la lita 20 ni watu wawili siku moja na kidogo. Vyombo vioshwe kwa maji ya bahari, suuza la mwisho tu liwe la maji baridi. Sabuni ya kawaida ya kipande haitoi povu baharini, ya mafuta ya nazi inatoa.

#32 Mtu_wa_Mtwara
Kuna jambo mnalisahau. Sheria inakataza kupiga hema ndani ya mita 60 kutoka baharini.

#33 Jahazi_la_Kusini
Siyo hivyo, mkuu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia ndani ya mita 60 shughuli za kudumu na zile zinazoweza kuathiri hifadhi ya ufuko. Hema la usiku mmoja siyo jengo. Lakini hiyo haimaanishi ujilalie popote. Ufuko una kijiji, kijiji kina mwenyekiti na mtendaji, Unguja na Pemba kuna sheha. Fika kabla ya saa kumi jioni, jitambulishe, uliza wavuvi wanapandisha vyombo wapi ili usilale kwenye njia yao. Sehemu nyingi kuna kikundi cha BMU, kile cha wanakijiji wa kusimamia uvuvi na ufuko, hao wanaijua pwani usiku na mchana.

Saadani ni suala jingine kabisa. Ni hifadhi ya taifa tangu 2005, kambi ni maeneo yaliyotengwa tu na kwa malipo ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Simba na tembo wapo, na mstari wa bahari haujawahi kuwa uzio. Chakula kisilale hemani, na usitembee usiku.

#34 Zuwena_K
Na mifuko ya plastiki ya kubebea iachwe nyumbani. Imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019, Kenya tangu Agosti 2017. Watu wanaovuka mpaka Lungalunga na Horohoro wanasahau.

#35 Msafiri_Tanga (mleta mada)
Nimenakili yote. Saa ya utulivu aliyouliza Binti #21: upepo ulikufa kama saa nane, ukaanza tena kutoka bara karibu na saa kumi na moja.

Moja la mwisho. Gari linapita barabarani saa mbili asubuhi, hema bado limelowa. Likifungwa hivyo?

#36 FundiTurubai
Tenganisha matabaka. La nje likung'utwe mara mbili tatu, watu wawili mmeshika pembe, maji yatoke. Futa kwa kikoi kilichokamuliwa. Usilikunje, lisokomeze tu ndani ya salfeti na ulibebe nje ya begi. La ndani lililo kavu liende peke yake begini. Mkituama mchana, tandaza dakika ishirini, kivulini penye upepo kuliko juani. Jua kali la pwani linachakaza nailoni, na unyevu pamoja na joto ndivyo vinavyomaliza ile dawa ya kitambaa, ikianza kunata na kubanduka kama ngozi ya kitunguu hairudi. Likilala limefungwa bichi siku mbili kwenye joto hili, ukungu mweusi umeshaingia.

Zipu: suuza kwa maji baridi, piga mswaki, zikikauka pitisha mshumaa kwenye meno yake. Mafuta ya kupikia hapana, yanakusanya mchanga.

#37 Mvuvi_wa_Kigombe
Mwezi 15 unakuja. Mleta mada, piga hema mawili: moja lilale watu, jingine tupu, yote na karatasi chini, na shimo pembeni. Nina hakika lile tupu nalo litalowa sakafu.

#38 FundiTurubai
Na mimi nina hakika litalowa nje tu. Moja lifutwe chumvi, jingine lisifutwe, ili Kaskazi naye apate jibu lake.

#39 Kaskazi_78
Hapo mtakuwa mmechanganya vipimo viwili. Yanahitajika mahema manne.

#40 BintiMakunduchi
Yawe manne au kumi, lile shimo la kupimia lifukiwe na kushindiliwa alfajiri kabla hamjaondoka, na mashimo ya nanga vilevile. Vifaranga vya kasa hutoka kiotani usiku na kukimbilia maji. Kikitumbukia kwenye shimo la nusu mita hakiwezi kupanda, jua au kunguru vinakimaliza asubuhi. Na taa ya hema izimwe mnapolala, kwa sababu wanaifuata wakidhani ni mwanga wa bahari.